Maumivu Yasiyoonekana Pichani



Kwa muda wa miaka mingi, katika hospitali zilizosifika kuliko zote za Ulaya na Marekani, mgonjwa aliweza kufika akilalamikia uzito kifuani, akapimwa kwa chombo kilichoaminiwa kupita vingine vyote, kisha akarudishwa nyumbani kwa neno moja: moyo wako ni mzima. Akirudi baada ya miezi na uzito uleule, alijibiwa vilevile. Akizidi kurudi, alishauriwa apunguze wasiwasi, au alitumwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Wengi wa hao walikuwa wanawake wa makamo. Leo tunajua kwamba wengi kati yao walikuwa na ugonjwa wa moyo kweli, ila ulikaa mahali ambapo chombo hakikuweza kupaona. Nataka kuwasimulia jinsi kosa hilo lilivyozaliwa, jinsi lilivyodumu, na jinsi watu walivyotafuta njia ya kulisahihisha pasipo kumwingizia kila mgonjwa waya mpaka moyoni.

Habari inaanza na sikio. Mwaka 1768 daktari mmoja wa London, William Heberden, alisoma mbele ya wenzake wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari maelezo ya ugonjwa aliouona kwa wagonjwa wake. Watu hao, alieleza, hushikwa na maumivu kifuani wanapotembea, hasa wakipanda mlima au wakitoka kula. Wakisimama, maumivu hutoweka. Akauita ugonjwa huo kwa Kilatini angina pectoris, yaani kubanwa kifua. (Kwetu mtu akisema anjina tunafikiri mara moja koo. Msichanganye: mzizi wa neno ni uleule wa kubana, isipokuwa panapobanwa ni pengine.) Heberden hakuwa na mashine. Hakuwa hata na kile chombo cha kusikilizia kifua, maana kilikuwa hakijabuniwa. Alikuwa na maneno ya wagonjwa na subira ya kuyalinganisha, naye akaandika maelezo ambayo madaktari wanayatumia hata leo. Kumbukeni jambo hilo, kwa kuwa miaka mia mbili baadaye maneno ya wagonjwa yalishindwa mbele ya picha.

Nilipokuwa nikifundisha darasa la sita, nilizoea kuchora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya buluu. Nilichora vyumba vinne, nikachora mishipa mikubwa inayoingia na kutoka, kisha juu ya moyo nikaongeza mistari miwili mitatu: hizi, nikawaambia watoto, ndizo ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Nikapangusa mikono, somo likaisha. Sikusema uongo, lakini niliishia mahali ambapo habari ndiyo kwanza inaanza. Ateri hizo, zenye upana wa milimita tatu au nne, hulala juu ya moyo kama barabara kuu inayopita kando ya kijiji. Kutoka kwazo hutokea matawi, na matawi huzaa matawi mengine, mpaka tunafika kwenye mirija isiyozidi nusu milimita, kisha mirija myembamba kuliko unywele, iliyopenya ndani kabisa ya nyama ya moyo. Huko ndiko damu inakotoa oksijeni yake.

Mirija hiyo si mabomba yaliyolala tu. Kuta zake zina misuli, nazo hupanuka na kusinyaa kwa kadiri ya kazi. Tena moyo una tabia yake ya pekee: hata mtu akiwa amelala usingizi, moyo huchota karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu inayoupitia. Kwa hiyo mtu akipanda mlima na gunia la makaa mgongoni, moyo hauna akiba kubwa ya kuchota zaidi katika damu ileile. Ni lazima uletewe damu nyingine, na anayefungua njia ni mrija mdogo. Moyo wenye afya huweza kuongeza damu yake mara tatu au nne. Mirija ikishindwa kupanuka kwa sababu ya presha ya muda mrefu, kisukari, tumbaku au umri, au ikijikaza ghafla, misuli ya moyo hukosa oksijeni na kifua hubana. Fikirini mtaa ambamo bomba kubwa chini ya barabara limejaa maji, lakini robine za nyumbani zinadondosha matone. Anayechunguza bomba kubwa peke yake ataandika katika ripoti yake kwamba mtaa una maji.

Sasa, ili kuzichunguza ateri za mtu aliye hai, ilibidi kwanza mtu athubutu kuugusa moyo. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alitaka kupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mkono mpaka moyoni. Mkuu wake alimkataza. Forssmann akamshawishi muuguzi Gerda Ditzen, ambaye alishika funguo za vifaa, naye muuguzi akajitolea kufanyiwa jaribio hilo. Daktari akamfunga juu ya meza kana kwamba ataanza, lakini mpira akauingiza katika mkono wake mwenyewe. Alipomfungua, wakashuka wawili hao kwenye chumba cha radiografi, na humo akausukuma mpira hadi sentimita 65, mpaka picha ikaonyesha ncha yake ndani ya moyo. Kazi yake ilidharauliwa kwao. Waliokuja kuiendeleza ni André Cournand na Dickinson Richards huko New York, na wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Ninawasimulia ujasiri wake, simpambi. Mwaka 1932 mtu huyohuyo alijiunga na chama cha Nazi, na wasifu wake hauwezi kuandikwa bila sentensi hiyo.

Hatua ya pili ilitokea kwa ajali. Tarehe 30 Oktoba 1958, katika hospitali ya Cleveland Clinic huko Marekani, daktari Mason Sones alikuwa akimchunguza kijana wa miaka 26 mwenye kasoro ya vali ya moyo. Alikusudia kumimina dawa inayong'arisha picha katika ateri kuu ya mwili. Ncha ya katheta ikaruka, ikaingia katika ateri ya kulia ya moyo, na dawa yote ikamiminika humo. Wakati ule iliaminika kwamba jambo kama hilo lingeweza kumwua mtu papo hapo. Moyo ukasimama kweli. Sones akatafuta kisu apasue kifua. Alipoona kwamba moyo umenyamaza tu, akampigia kelele mgonjwa akohoe. Kijana akakohoa mara chache, moyo ukaanza tena kupiga. Na kwenye filamu ilibaki picha ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa uwazi ule: ateri ya moyo wa mtu aliye hai, tawi kwa tawi.

Kutokana na picha hiyo yalikuja mema makubwa. Mwaka 1967, katika hospitali ileile, René Favaloro kutoka Argentina alitumia mshipa wa mguu kuivusha damu juu ya sehemu iliyoziba. Mwaka 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig aliipanua ateri iliyobanwa kwa kipulizo kidogo kilichopitishwa kwa katheta, bila kupasua kifua. Mamilioni ya watu wako hai kwa sababu ya kazi hizo, nami sitaki msome maneno yangu yanayofuata kana kwamba ninaidharau picha. Shida ni kwamba picha ilifanywa hakimu wa mwisho. Kama ateri imebanwa, wewe ni mgonjwa. Kama haikubanwa, huumwi. Ila picha ya katheta haioni mrija ulio chini ya nusu milimita. Mti wote wa ndani, ule ambao ndio unaoamua ni damu kiasi gani moyo utapata, haumo katika picha kabisa.

Dalili za kosa zilijitokeza mapema. Mwaka 1967, William Likoff na wenzake wa Philadelphia walichapisha habari za wagonjwa waliokuwa na kila alama ya ugonjwa wa ateri za moyo, huku picha za ateri zao zikiwa safi. Katika kichwa cha makala yao waliliita jambo hilo kitendawili. Mwaka 1973 daktari Harvey Kemp alilipatia jina lililodumu: sindromu X. Herufi hiyo ilitokana na utafiti wa wakati ule ambao uliwaweka wagonjwa wa namna hiyo katika kundi lililoitwa X. Kila mwanafunzi wa hesabu anajua kwamba X huandikwa ili itafutwe. Humu hospitalini, kwa bahati mbaya, X ikageuka jina la kabati la kuwekea watu ambao hakuna aliyejua awafanyie nini.

Tuwatendee haki madaktari wa siku zile. Tafiti za mwanzo zilionyesha kwamba wagonjwa hao hawakufa haraka kama wenye ateri zilizoziba, na daktari anayesema "usiogope" alidhani anamfariji mtu. Walakini kuna jambo ambalo sioni jinsi ya kulisamehe upesi hivyo. Maneno ya mgonjwa na picha yalipopingana, hawakuuliza kama picha inaona kila kitu. Waliuliza kama mgonjwa anasema kweli. Na kwa kuwa wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanawake, jibu lilikuwa tayari katika mazoea ya jamii kabla ya swali kuulizwa.

Si wote waliotosheka. Mwaka 1974 Lance Gould, kwa majaribio aliyofanya juu ya mbwa, alionyesha kwamba kipimo chenye maana si damu inayopita wakati wa utulivu, bali uwezo wa kuiongeza. Kipimo hicho huitwa akiba ya mtiririko: ni damu ya wakati mirija imepanuliwa kabisa ikigawanywa kwa damu ya wakati wa kupumzika. Ikiwa jibu ni tatu au nne, mirija inafanya kazi. Likishuka chini ya mbili, kuna tatizo mahali fulani. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini ilihamisha swali zima. Badala ya kuuliza "ateri ina sura gani?", watu walianza kuuliza "moyo unapata damu kiasi gani unapoihitaji?" Mwaka 1988 Richard Cannon na Stephen Epstein, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, walipendekeza X iachwe na ugonjwa uitwe kwa makao yake: anjina ya mishipa midogo.

Mwaka 1996 taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulika na moyo, mapafu na damu ilianzisha utafiti mkubwa wa wanawake wenye maumivu ya kifua. Matokeo yake yalipochapishwa, mengi yalibadilika. Katika kundi moja la wanawake 159 ambao ateri zao kubwa hazikuziba, karibu nusu walikuwa na akiba ya mtiririko iliyopungua. Na kadiri miaka ilivyopita ilionekana kwamba wanawake wenye maumivu na picha safi walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au udhaifu wa moyo mara nyingi kuliko wanawake wasio na dalili hizo. Faraja ya "moyo wako ni mzima" haikuwa kweli. Niongeze pia kwamba huu si ugonjwa wa wanawake peke yao, kama wengine walivyoanza kusema kwa kukosea upande wa pili. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2014, uliowachunguza wagonjwa wa kiume na wa kike wasio na ateri zilizoziba, uliukuta kwa zaidi ya nusu ya wanaume na zaidi ya nusu ya wanawake.

Sasa, mtu ataupimaje mrija asioweza kuuona? Njia ya kwanza ilikuwa kwenda karibu nao. Wataalamu walitengeneza waya wenye unene wa takriban sehemu moja ya tatu ya milimita, wenye kipimo kwenye ncha, unaopitishwa kwa katheta hadi ndani ya ateri ya moyo. Mwaka 2003 William Fearon na wenzake wa Stanford walieleza namna ya kupata ukinzani wa mirija midogo kwa waya huo: unamimina maji ya chumvi yasiyo na joto la mwili, unahesabu yanachukua muda gani kufika kwenye ncha, na unaliunganisha jibu na shinikizo la damu mahali hapo. Mgonjwa hupewa adenosini, dawa inayoipanua mirija na kutoweka katika damu kwa muda wa sekunde chache. Kwa dawa nyingine, asetilikolini, huonekana kama mirija inajikaza badala ya kupanuka.

Kwamba kujua huku kuna faida kwa mgonjwa, ushahidi mzuri ulitoka Scotland. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 151 wenye anjina lakini bila ateri zilizoziba walipimwa wote kwa waya, kwa namna moja. Tofauti ilikuja baadaye. Kwa kundi moja, madaktari walionyeshwa majibu na kutibu kufuatana nayo. Kwa kundi la pili majibu yalifichwa, na madaktari wakaendelea kama kawaida. Baada ya miezi sita, wa kundi la kwanza walikuwa na maumivu machache na maisha mepesi zaidi. Hawakupewa dawa mpya ya ajabu. Dawa ni zilezile za zamani, ila kila mmoja alipewa ile inayofaa aina ya ugonjwa wake, maana dawa inayomsaidia mwenye mirija isiyopanuka si lazima imsaidie mwenye mirija inayojikaza. Na wengine, kwa kuwa kipimo kilionyesha moyo hauna kosa, waliacha dawa walizokuwa wakinywa bure.

Lakini waya ni waya. Unaingia katika ateri ya mtu kwa njia ya mkono au paja. Mara chache huleta damu kuvuja au kuichana ateri yenyewe. Unahitaji chumba maalum, mashine ya radiografi inayofanya kazi muda wote, na watu waliofundishwa kwa miaka. Hata katika nchi tajiri wagonjwa wengi wenye picha safi hawakupimwa kwa waya, kwa sababu daktari husita kumwingiza mtu katika hatari, hata ndogo, kwa ajili ya ugonjwa ambao hana hakika nao. Hapo tunaona kwa nini kutafuta njia nyepesi hakukuwa anasa ya wataalamu. Kipimo kinachofanyiwa wachache huacha wengi katika kabati la X.

Njia iliyo kamili kupita nyingine za nje ni kamera ya positroni, ambayo hospitali huiita PET, iliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1970. Mgonjwa huchomwa sindano ya kawaida mkononi, yenye chembe kidogo ya kitu kinachotoa mionzi kwa muda mfupi: nitrojeni 13, inayopungua kwa nusu kila dakika kumi hivi, oksijeni 15, kila dakika mbili, au rubidiamu 82, kila sekunde 75 hivi. Chembe hiyo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miali miwili inayokwenda pande zilizo kinyume. Pete ya vipokeo inayomzunguka mgonjwa huinasa miali hiyo, na kompyuta hukadiria ni mililita ngapi za damu zinazofikia kila gramu ya moyo kwa dakika. Kwa kawaida ni kama mililita moja wakati wa kupumzika, na tatu au zaidi mirija ikipanuliwa kwa dawa.

Mtaniuliza: je, hakukuwa na picha za mionzi za moyo hapo kabla? Zilikuwapo, lakini nyingi zililinganisha tu sehemu moja ya moyo na nyingine. Mwalimu ataelewa upesi udhaifu wake. Nikipanga wanafunzi kwa kulinganisha mmoja na mwenzake tu, na darasa zima limepata maksi tatu kwa kumi, nitasema hakuna aliyebaki nyuma. Ugonjwa wa mirija midogo mara nyingi huushika moyo wote, hivyo picha ya kulinganisha hutoka nzuri na sawasawa. Kamera ya positroni hutoa maksi zenyewe. Hata hivyo nayo ina mipaka: tarakimu yake hujumlisha ateri kubwa na mirija midogo pamoja, kwa hiyo ni lazima kwanza kuhakikisha kwa skaneri au kwa katheta kwamba ateri kubwa hazikubanwa. Tena vitu vinavyoisha kwa dakika mbili au kumi havisafirishwi mbali. Huhitaji mtambo wa siklotroni karibu, na rubidiamu huhitaji chombo cha kuizalisha kinachobadilishwa kila baada ya wiki chache. Gharama yake ni kubwa mno.

Mashine ya sumaku, ile tunayoiita IRM, haitumii mionzi. Mwaka 2002 madaktari wa London walionyesha kwa IRM kwamba wagonjwa wa sindromu X, wakipewa adenosini, tabaka la ndani la misuli ya moyo lilibaki bila nyongeza ya damu iliyotazamiwa, na wakati huohuo kifua kiliwauma. Kwa watu waliokuwa wameambiwa kwa miaka kwamba hawaumwi, lile doa jeusi kwenye picha lilikuwa jibu.

Njia ya tatu ni ya unyenyekevu zaidi, nayo ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1953, mjini Lund nchini Uswidi, daktari Inge Edler alimwendea mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz akimwuliza kama kuna namna ya kuuona moyo bila kuuingia. Hertz alijua kwamba katika kiwanda cha meli huko Malmö walitumia sauti isiyosikika kwa sikio ili kugundua nyufa ndani ya chuma. Wakaenda kukijaribu chombo hicho, kisha wakaazima kingine kutoka kampuni ya Siemens, na mwezi Oktoba mwaka huohuo wakaandika mwangwi wa kwanza wa kuta za moyo unaopiga. Hiyo ndiyo ekografi ambayo mama zenu walipimwa nayo mkiwa tumboni.

Kwa mirija midogo, ekografi hutumia ugunduzi wa zamani zaidi. Mwaka 1842, mjini Prague, Christian Doppler alieleza kwamba mawimbi hubadilika kwa masikio ya asimamaye kadiri chanzo chake kinavyokaribia au kuondoka. Simameni kando ya barabara pikipiki ikipita mbio: sauti yake ni kali ikija, nzito ikienda. Chembe za damu hurudisha mwangwi kwa namna hiyo, na mabadiliko yake hutuambia kasi yao. Basi mpimaji huweka kichwa cha mashine juu ya kifua, hutafuta ateri inayoshuka mbele ya moyo, hupima kasi ya damu, humpa mgonjwa dawa ya kupanua mirija kwa dakika chache, hupima tena, hugawanya. Ikiwa ateri yenyewe haikubanwa na kasi haikuongezeka mara mbili, mirija ya mbele yake haikufunguka. Nchini Denmaki wanawake wengi wenye maumivu na ateri safi wamepimwa hivyo katika utafiti mkubwa. Hakuna mionzi, na hakuna waya moyoni.

Hospitali nyingi za miji yetu zina ekografi, na hapo kijana anayesoma uganga au uuguzi anaweza kuinua kichwa. Ila nisiwadanganye. Ateri hiyo ni nyembamba na inasogea kwa kila pigo. Kuipata kunadai mkono uliozoezwa kwa miezi, mashine yenye uwezo wa Doppler ya rangi, na daktari aliye tayari kuangalia mgonjwa anapopewa dawa. Kwa watu wanene au wenye ugonjwa wa mapafu mara nyingine haionekani. Na kipimo hukagua ateri moja tu kati ya tatu. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 uliitaja pamoja na PET na IRM kuwa njia zinazoweza kufikiriwa, na kipimo cha waya ukakipa uzito zaidi. Nadhani walipima kwa haki.

Katika miaka hii watafiti wanajaribu njia nyepesi kuliko zote: kuirudia ile karatasi ya umeme wa moyo ambayo Willem Einthoven aliianzisha huko Leiden mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mashine yenye uzito wa kilo zaidi ya 200, mgonjwa akiwa ametumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Jicho la daktari halioni katika mistari hiyo alama ya hakika ya mirija midogo. Lakini kompyuta hupewa karatasi za wagonjwa wengi, pamoja na tarakimu ambazo PET iliwapatia wagonjwa walewale, nayo hutafuta yenyewe mapindo madogo yanayokwenda pamoja na akiba iliyopungua. Matokeo ya kwanza yanatia moyo. Karatasi hiyo hupatikana kwa dakika chache, hata katika kituo cha afya chenye umeme wa jua. Ila kompyuta hujifunza kwa wale tu waliopata nafasi ya kulala ndani ya kamera ya positroni, na hao ni watu wa nchi zenye kamera hizo. Kabla jibu lake halijaaminiwa kwa mama wa Bukavu au wa Lubumbashi mwenye presha ya miaka kumi, itabidi lipimwe kwa wagonjwa wa huku, na kazi hiyo itawahitaji watu wa huku wanaojua kusoma karatasi na kumsikiliza mgonjwa anayeeleza ni wakati gani kifua kinabana.